Jelle na Upande wa Kulia

Kila asubuhi Sadiyo alikuwa wa kwanza kufika shuleni. Alifagia sakafu ya udongo, akatandaza mikeka ya watoto wadogo, kisha akawapanga ng'ombe wake. Walikuwa ng'ombe wa udongo uliokaushwa juani, na pembe zao zilikuwa miiba ya mgunga. Alikuwa amewafinyanga mwenyewe. Palikuwa pia na zizi la vijiti, ndama, na kondoo mmoja aliyevunjika kichwa.

Wakati huo nchi ilikuwa bado chini ya Waingereza, na Balambala kilikuwa kituo kidogo kando ya mto Tana. Palikuwa na maduka machache ya mabati, nyumba za duara za wafugaji wa Kisomali, na banda la makuti lililotumika kama darasa. Banda hilo lilikuwa chuo cha Kurani kabla ya kuwa shule. Maalimu aliyelijenga alilielekeza kibla, yaani upande wa kaskazini. Alipokubali litumike kwa masomo mengine alitoa sharti moja tu: hakuna mtoto atakayeketi humo akikipa kibla kisogo. Kwa hiyo ubao ulitundikwa ukuta wa kaskazini, na watoto wote waliutazama ukuta huo siku zote. Mto ulikuwa nyuma yao, upande wa kusini.

Mwalimu wao aliitwa Komora. Alikuwa Mpokomo kutoka sehemu za chini za mto huo, mtu mwembamba, mwenye Kiswahili safi na Kisomali cha salamu tu. Yeye alifundisha darasa kubwa, na saa ya hesabu aliwaacha watoto wadogo mikononi mwa Sadiyo, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na aliwazidi wenzake wote kwa Kiswahili.

"Hesabu haianzi na namba," alimwambia. "Mtoto ajue kwanza kitu kiko wapi. Juu, chini, mbele, nyuma, kati, kulia, kushoto. Asipojua hayo hataweza kuandika hata kumi na mbili, maana hatajua tarakimu ipi itangulie."

Basi Sadiyo aliwafundisha kwa ng'ombe. "Weka ndama kati ya ng'ombe wawili. Weka kondoo nyuma ya zizi. Ng'ombe mwekundu aende kulia." Watoto walifanya hivyo wakicheka, na aliyewapita wote kwa bidii alikuwa Jelle, mtoto wa miaka sita, mwana pekee wa mjane aliyeitwa Rukiyo. Jelle alipoamriwa jambo kwa Kiswahili alilitenda mara moja, kama askari.

Hata hivyo, Sadiyo hakuwa na raha. Baba yake, Mzee Korane, alikuwa amekubali aendelee na shule kwa majaribio, muhula mmoja tu. Kabla ya kwenda Garissa kuuza ng'ombe alisema, "Nikirudi nitamwuliza mwalimu kama kuna faida. Kama hakuna, utakaa nyumbani umsaidie mama yako." Siku za kurudi kwake zilikuwa zimekaribia. Kila Sadiyo aliposikia sauti za wachunga ng'ombe barabarani, alitoka nje kuchungulia.

Siku moja baada ya masomo watoto wadogo walikuwa wamesimama nje, wakiutazama mto, wakisubiri mama zao wapande kutoka kuteka maji. Ogle, mvulana wa darasa kubwa aliyependa kuchokoza, aliwasogelea.

"Waryaa, wewe Jelle," alisema, "nionyeshe mkono unaoutumia kula chakula."

Jelle aliinua mkono wa kulia.

"Vizuri. Sasa upande wa kulia ni upi?"

Jelle hakusita. Alinyosha kidole mashariki, kule linakochomoza jua. Kwa jinsi alivyosimama, huko kulikuwa kushoto kwake.

Ogle alicheka hadi akashika tumbo. "Mwalimu Sadiyo, njoo uone. Watu wako wanasoma kinyumenyume. Kesho watatembea kwa vichwa."

"Anacheza tu," alisema Sadiyo. "Nenda zako, Ogle."

Ogle alipoondoka, Sadiyo alimshika Jelle mabega akamgeuza. Akamwuliza tena. Jelle alionyesha palepale, kwa uhakika wa mtu anayeonyesha nyumba yao.

"Kwa nini kule, Jelle?"

"Upande wa kulia ni kule jua linakotoka," alisema mtoto. "Upande wa kushoto ni kule linakozama. Wewe ulituambia, abayo." Alimwita hivyo kwa heshima, kama dada yake.

Hapo Sadiyo alielewa. Nyumbani kwao hakuna mtu aliyesema njia ya kulia au ya kushoto. Wazee na wachungaji walisema: fuata maawio, yaani mashariki, elekea kibla, shika upande wa juu wa mto. Pande hizo hazihami mtu anapogeuka. Na darasani, watoto wakiwa wameketi kuelekea kibla, mkono wa kulia ulikuwa daima upande wa maawio. Wakachukua neno jipya wakaliweka juu ya lile la zamani. Walijibu kila swali sawasawa, kumbe hawakujua.

Akamwuliza mtoto mwingine, kisha mwingine. Wote walionyesha maawio.

Kulirekebisha kosa hilo kungetaka siku nyingi, na baba alikuwa njiani. Asubuhi iliyofuata Mwalimu Komora alimwuliza, "Vipi, Sadiyo? Watoto wako tayari?"

Sadiyo aliutazama ubao. "Wote wanajua, mwalimu."

Mwalimu aliwajaribu papo hapo, kila mmoja mahali pake mkekani. Hakuna aliyekosea. Alifurahi sana. "Baba yako akija nitamwambia jambo zuri," alisema. Sadiyo aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwakusanya ng'ombe wake.

Siku mbili baadaye ng'ombe wa udongo walikuwa wamevunjika wengi. Mwalimu alimtuma Sadiyo awapeleke watoto wadogo mtoni wakachimbe udongo mpya. Hawakuwa wakienda mahali pa hatari. Kando ya mto palikuwa na mahali pa kutekea maji palipozungushiwa boma la miiba hadi ndani ya maji, ili mamba wasipite, na wanawake hawakukosekana pale tangu asubuhi hadi alasiri. Udongo mzuri ulikuwa hapohapo ukingoni.

Lakini ili kufika huko ilibidi kupita njia panda. Mtu akitoka kijijini kwenda mtoni, njia ya kulia ilikwenda kwenye boma la miiba. Ya kushoto ilikwenda mahali pa zamani pa kunyweshea ng'ombe, ambapo hakuna mfugaji aliyeshusha mifugo tena. Mamba wa pale walikuwa wamemkamata Mzee Keinan akiwa katikati ya ng'ombe wake, na mzee huyo alitoka na mguu mmoja. Watoto wa Balambala walipotajiwa mahali hapo walinyamaza, ingawa wadogo hawakuijua njia yake.

Waliondoka jua likiwa bado upande wa mashariki, halijapanda sana. Jelle alibeba debe dogo la kutilia udongo. Kabla ya kufika njia panda, msichana mmoja alikanyaga mwiba akaanza kulia. Sadiyo alipiga magoti, akaushika mguu wake, akatafuta ncha ya mwiba kwa kucha.

"Abayo, nitangulie?" aliuliza Jelle, akirukaruka. "Mama yangu yuko kule. Nitangulie?"

"Ngoja kidogo."

"Nitajaza debe kabla hamjafika."

Mwiba ulikuwa umeingia ndani na msichana alikuwa akipiga kelele. "Haya, nenda," Sadiyo alisema bila kuinua kichwa. "Kwenye njia panda shika ya kulia."

Aliyasema kwa Kiswahili, maana ilikuwa saa ya shule na mwalimu aliwataka watumie Kiswahili. Kitu kilimchoma moyoni mara maneno yalipomtoka. Alitaka kumwita mtoto arudi. Lakini alijiambia kwamba Jelle alikwisha kwenda mtoni na mama yake, kwamba mama yake yuko karibu, kwamba huenda amekwisha elewa. Mtu anayeficha jambo hujiambia mengi. Sauti ya debe ikaenda ikififia kwenye vichaka.

Mwiba ulipotoka, aliwachukua watoto waliobaki, wakashika njia ya kulia, wakafika kwenye boma. Wanawake walikuwa wakiteka maji na kuzungumza. Rukiyo alikuwa miongoni mwao, nguo yake imekunjwa magotini, kibuyu mkononi.

Jelle hakuwapo.

"Karibu, mwalimu mdogo," Rukiyo alisema akitabasamu. "Mwanangu umemwacha wapi?"

Sadiyo alifungua mdomo. "Yuko nyuma kidogo, eedo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima. "Namfuata sasa hivi. Nishikie hawa."

Akageuka, akatembea polepole mpaka alipofichwa na kichaka, kisha akakimbia mbio zote. Alisikia mlio wa ndege, akasimama akidhani ni sauti ya mtoto. Alisikia maji, akadhani ni kitu kinachoburutwa. Kwenye njia panda aliinama. Nyayo ndogo zilikuwa wazi vumbini, na kando yake mistari ya debe lililokuwa likigusa chini. Zilikwenda upande wa maawio.

Mara alisikia hatua. Mwalimu Komora alikuwa akija kutoka kijijini pamoja na Ogle, wamechukua jembe ambalo Sadiyo alilisahau.

"Sadiyo, mbona uko peke yako?"

"Jelle amekwenda kwa mamba," alisema.

Mwalimu alimpa Ogle jembe, akashika njia ya kushoto, na wote wawili wakamfuata. Vichaka vilikuwa vimeifunga njia kwa kuwa haikutumika, na miiba iliwachana mikono. Walitokea juu ya ukingo mrefu, na chini yao palikuwa na mchanga mweupe na mto mpana wenye rangi ya udongo.

Jelle alikuwa katikati ya mchanga, amechuchumaa karibu na maji, mgongo kwao, akichimba kwa mikono. Alikuwa akiimba wimbo wa kuhesabu ng'ombe.

Ogle ndiye aliyemwona mamba. Alimshika mwalimu mkono, akaonyesha kwa kidevu. Upande wa magharibi, karibu na njia aliyoshukia mtoto, palikuwa na kitu kirefu cha kijivu kwenye matete. Sadiyo alikidhania kuwa gogo mpaka kilipofunga jicho na kulifumbua.

Kumkimbilia mtoto kwa njia ile kulimaanisha kupita juu ya mamba. Kupiga kelele za hofu kungemfanya mtoto arudi mbio alikotokea, na alikotokea ndiko mamba alikolala. Upande wa mashariki tu ndiko palikuwa na mizizi ya mkuyu iliyoning'inia ukingoni, ambapo mtu mzima angeweza kumfikia mtoto kwa mkono na kumvuta.

Mwalimu Komora alielewa hayo yote kwa kutazama mara moja. Alitia sauti yake utulivu wa darasani.

"Jelle," aliita. "Simama. Usigeuke nyuma. Sasa tembea kushoto. Polepole, tembea kushoto."

Mtoto aliisikia sauti ya mwalimu wake, akasimama kwa utii. Akaacha debe. Kisha akageuka upande wa magharibi, akaanza kutembea kuelekea kwenye matete.

"Kushoto, Jelle," mwalimu alirudia. "Kushoto, mwanangu."

Jelle alidhani anahimizwa. Akaongeza mwendo.

Sadiyo alijua. Katika watu watatu waliosimama pale, yeye alijua wazi kwa nini mtoto anakwenda kule, na alijua kwamba akifumbua kinywa, mwalimu naye atajua. Mkia wa mamba ulisogea kwenye matete. Sadiyo alimpita mwalimu, akasimama kwenye ncha ya ukingo, akaita kwa Kisomali.

"Jelle, simama hapo. Ni mimi, Sadiyo. Elekea jua linakotoka. Lione, lile pale. Lifuate jua, walaal, mdogo wangu, lifuate polepole mpaka kwenye mizizi."

Mtoto alisimama. Aliinua uso, akalitafuta jua, akaligeukia. Mbele yake mchanga ulikuwa mtupu. Akatembea, mkono mmoja juu ya macho. Mwalimu alikuwa amekwisha lala kifudifudi juu ya mizizi ya mkuyu, na Ogle alimkalia miguu asianguke. Mwalimu alimshika Jelle kifundo cha mkono akamvuta juu kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani.

Nyuma yao maji yalipiga kishindo. Walipotazama, mahali pa kijivu kwenye matete palikuwa patupu, na debe lilikuwa likielea mtoni, likizunguka.

Rukiyo alifika muda mfupi baadaye, amewaachia wanawake wenzake watoto na kufuata nyayo, kwa kuwa Sadiyo hakurudi na moyo wake haukumpa nafasi. Alimkuta mwanawe ameketi mapajani mwa mwalimu. Ogle alimsimulia kwa maneno ya haraka. Rukiyo alimkumbatia mtoto, kisha akamshika Sadiyo kichwa kwa mikono miwili na kukibusu.

"Mungu akupe umri," alisema. "Umenirudishia mwanangu. Baba yako akija nitampokea barabarani nimwambie amezaa binti gani."

Ogle aliinamisha macho, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. Alikumbuka jinsi Jelle alivyoonyesha mashariki siku ile, lakini hakusema. Sadiyo aliona kwamba angeweza kunyamaza. Mtoto alikuwa salama, watu walikuwa wakimshukuru, na hakuna aliyeuliza kitu. Ilikuwa rahisi kuliko kumeza maji.

"Usinishukuru, eedo," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma huku. Nilimwambia ashike ya kulia, na yeye anadhani upande wa kulia ni maawio. Wote wanadhani hivyo. Nilikuwa najua. Mwalimu aliponiuliza nilimwambia wanajua, kwa sababu baba anakuja na niliogopa ataniondoa shule."

Rukiyo aliondoa mikono yake kichwani mwa Sadiyo. Alimbeba mwanawe mgongoni ingawa alikuwa amepita umri wa kubebwa, akaondoka bila kugeuka.

Mwalimu Komora alijifuta mchanga kifuani.

"Sehemu ya kosa ni yangu," alisema. "Niliwaketisha mahali pamoja siku zote, nikawauliza palepale, wakanijibu, nikaridhika. Sikuwageuza hata mara moja. Lakini wewe uliwageuza, ukaona. Siku ile lilikuwa kosa dogo la darasani, tungelimaliza kwa ng'ombe wa udongo. Ulipolificha likatoka nje, likaenda na mtoto mpaka mtoni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

"Baba yako akija nitamweleza yote mawili, la uongo na la leo. Sitamficha lolote. Yeye ataamua."

Mzee Korane alirudi jioni ileile. Mwalimu alimweleza kama alivyoahidi, mbele ya Sadiyo. Mzee alisikiliza huku akipitisha tasbihi vidoleni, akauliza swali moja tu: kama binti alilazimishwa kusema. Mwalimu alijibu kwamba hakuna aliyemwuliza. Mzee akasema ataamua baada ya kumsikia mama wa mtoto, maana yeye ndiye mwenye haki.

Asubuhi Sadiyo alikwenda shuleni akiwa na hofu kama ya mtu anayekwenda kuhukumiwa. Mwalimu alikuwa amewatoa watoto wadogo nje, kwenye uwanja. Hakuwaketisha. Alimwambia Sadiyo asimame pamoja nao, atazame wanakotazama, si mbele yao. Wakanyosha mkono wa kulia, wakageuka, wakaunyosha tena, na kila mara mwalimu aliuliza, "Mkono umebadilika?" nao wakajibu, "La." "Na ulichokionyesha?" "Kimebadilika." Wengine walikosea, wakajaribu tena. Mzee Korane alisimama mbali, ameegemea fimbo, akitazama.

Walipokuwa wakigeuka mara nyingine waliona Rukiyo anakuja, amemshika Jelle mkono. Sadiyo alirudi hatua nyuma. Rukiyo alimpita mwalimu, akampita Mzee Korane, akaja mpaka mbele ya msichana na kumtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Usiku kucha nimekukasirikia," alisema. "Hasira bado haijaisha. Lakini nimefikiri hivi. Mtu akinificha kosa, siwezi kujikinga nalo, hata akiwa na moyo mzuri. Akiniambia, najua pa kuangalia. Jana ulikuwa unashukuriwa, ukasema kosa lako."

Akauweka mkono wa mwanawe mkononi mwa Sadiyo.

"Ndiyo maana nakuachia umfundishe, na baba yako asikie hivyo. Ungenyamaza, siku moja ningejua, na nisingekuachia mtoto wangu tena maishani."